Kamera Ifuate Saa ya Mshono

Mbwa akimeza gunzi la mahindi likaziba utumbo, upasuaji ndio huanzisha safari yake ngumu. Mshono wa utumbo, ukiachia, kwa kawaida huachia kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati mbwa ameshaanza kutikisa mkia na mwenyewe ameshamrudisha nyumbani. Anatapika kidogo, anasusa chakula, anajikunyata pembeni. Mwenyewe anadhani ni dawa tu. Anapomrudisha kliniki, fizi zimebadilika rangi na uchafu wa utumbo umeshamwagika tumboni.

Kwa ajili ya siku hizo tumelitoa toleo hili kwa kamera za ndani ya mwili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kummezesha mbwa huyu kamera ya kidonge ya binadamu hakutoshi. Kidonge kile, ambacho Gavriel Iddan na wenzake walikitangaza mwaka 2000, kina upana wa milimita 11, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kiliundwa kwa uchunguzi wa kutwa moja. Kikipiga picha 2 kila sekunde kwa saa 8, zinapatikana picha 57,600. Zisambaze picha hizo kwa siku 5, ni moja kila sekunde 7.5, na hapo hujahesabu chaji inayoliwa kifaa kikiwa kimetulia. Isitoshe, kidonge kinapita ndani ya utumbo ilhali madhara yanatokea nje yake. Na pale paliposhonwa pamevimba, njia imebana. Kidonge kikikwama hapo, mbwa atapigwa kisu mara ya pili.

Kuizika kamera tumboni, kando ya mshono, nako kuna lake. Utando wa mafuta unaofunika matumbo hukizingira kitu chochote kigeni. Madaktari wenyewe huutandaza juu ya mshono usaidie kuziba. Lenzi itafunikwa.

Ninayoitetea mimi ni kamera iliyo kwenye ncha ya mrija wa kutolea majimaji, ule ambao baadhi ya wagonjwa huwekewa hata sasa. Betri inabaki nje, lenzi inasafishwa kwa maji safi ya chumvi, na muda ukitimia mrija unavutwa bila kupasua tena. Najua kuna pingamizi. Mbwa hutafuna chochote kinachoning'inia, lakini kola ya plastiki shingoni itamzuia. Vijidudu kupanda kupitia mrija ndiko kunakonitia wasiwasi hasa, maana kifaa cha kugundua maambukizi kisije kikayaleta. Mrija uwe mwembamba kiasi gani, na ukae siku ngapi? Mhandisi atakayetuletea mchoro kwa toleo lijalo aanzie hapo. Ubora wa picha tutauzungumza baadaye.