Ilani: Steji Iwe na Masikio

Ndugu abiria, ndugu madereva na makanga, mama mboga, vijana wa bodaboda, walimu na wanafunzi wa Kangundo: zama za kuswagwa kwa honi kama mifugo zimekwisha.

Tunakataa kelele inayoficha hatari. Matatu inarudi nyuma. Makanga anagonga bodi mara mbili, lakini mlio huo umemezwa na spika ya kinyozi, na spika ya kinyozi imemezwa na ya gari la pili. Mtoto mwenye begi mgongoni anapita katikati ya magari hayo. Atasikiaje akionywa?

Tunakataa muziki unaomnyima abiria hata neno moja la "shukisha". Tunakataa kauli kwamba anayetaka utulivu anunue gari lake.

Tunaamini sheria tunayo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo katika maeneo ya biashara: desibeli 60 mchana, 35 usiku. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai. Mtu huyo ni sisi.

Tunaamini barabara hurekebika. Februari 2004 Kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kazi: mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni. Nchi iliyosema haiwezekani ikafunga mkanda. Ulegevu ulirudi abiria aliponyamaza. Sisi wapenda utulivu hatutanyamaza.

Tunaamini ujasiri huu ni wa kurithi. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana na kiongozi wao Muindi Mbingu hadi Nairobi, kukataa kunyang'anywa ng'ombe wao na serikali ya kikoloni. Waliokataa kupokonywa mifugo hawakuzaa watoto wa kupokonywa masikio.

Tunaamini steji mpya inakuja. Itakuwa na njia ya waendao kwa miguu isiyoegeshwa gari. Itakuwa na taa zinazowaka kabla ya giza. Hakuna gari litakalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Makanga ataita "Tala, Joska, Kamulu, Nairobi!" kwa koo lake tu, na asiyeona atalijua gari lake kwa sauti hiyo.

Ndugu, mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, huanza na jembe moja. Kesho alfajiri ukipanda matatu, sema kwa heshima: "Dereva, punguza." Na ukiwa kiti cha nyuma ukamsikia mwenzako akisema, itikia.