Wageni wa Desemba hawakuja kuangalia geti

Kila Desemba tunazungumzia wanaoondoka Dar es Salaam: msongamano kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, tiketi zinazogombaniwa, Wachaga na Moshi yao. Msafara wa upande wa pili haupigiwi kelele. Shule zikishafungwa, mabasi yanayotoka Singida, Songea na Tabora hushusha watoto wanaokuja likizo kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa kaka aliyepata kazi juzijuzi. Wanashuka na begi moja, mfuko wa karanga kutoka kwa bibi, na mzigo wa ahadi: wamewaambia wenzao wote darasani kwamba wakirudi watasimulia bahari.

Kisha wanafungiwa ndani. Mwenyeji anatoka alfajiri, anarudi usiku, na kati ya hapo mtoto ana televisheni, geti na onyo la kutofungua kwa mtu yeyote. Likizo inakwisha, anapandishwa basi, na kitu alichokiona cha Dar ni foleni ya Ubungo mara mbili, siku ya kuja na siku ya kuondoka. Silaumu mtu. Mji huu unachosha, na mwenye mshahara mdogo anaogopa neno "matembezi" kwa sababu analisikia kama bili. Lakini naomba tulijadili, maana siku moja ya kuutembea mji huu inaweza kugharimu chini ya ile ya kuwapeleka watoto kwenye jumba la maduka wakaruke kwenye maputo.

Wito wangu kwa kila nyumba yenye mgeni wa likizo mwaka huu ni huu: tengeni siku moja, moja tu, muwaonyeshe watoto mji. Nao wenyeji waende pamoja na wageni, kwa sababu wapo watoto waliozaliwa na kukulia Temeke ambao hawajawahi kuvuka maji kwenda Kigamboni.

Anzieni Posta, asubuhi, jua halijawa kali. Wa Kimara wapande mwendokasi, wa Gongo la Mboto daladala. Mwenye gari naye aliache nyumbani, maana kwa mtoto wa Nzega basi lenye njia yake peke yake ni tamasha tosha. Simameni kwenye Sanamu ya Askari, Samora inapokutana na Azikiwe. Watu wazima hupita hapo kila siku bila kuinua macho. Muulizeni mtoto huyo askari ameshika nini, singe yake imeelekea wapi. Imeelekea bandarini. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, baada ya kuondoa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyokuwepo kabla. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Mpeni mtoto wa darasa la tano ayasome kwa sauti, watu wakigeuka wageuke.

Maandishi yale hayawataji askari peke yao. Yanawakumbuka na wapagazi, waliobeba chakula na risasi za vita vya watu wengine, Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na kuchoka. Kambi ya wapagazi hao katika mji huu ilikuwa Kariakoo, na soko likarithi jina la kikosi chao. Kwa hiyo kama mchana mtawapeleka watoto Kariakoo kununua viatu vya shule vya Januari, kama nijuavyo mtafanya, mnatembea juu ya historia ileile mliyoisoma asubuhi. Mwambieni hivyo mtoto akiwa anajaribu kiatu. Atakumbuka.

Kutoka kwa Askari ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893. Hapa msiwe na haraka. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1940, na kiingilio cha Mtanzania si cha kumtisha mtu. Humo inasimuliwa habari ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, fuvu la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Watoto wamelisoma darasani kama jibu la mtihani. Wakifika hapa, wataanza kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye mtihani: alikuwa anakula nini, alikuwa anaogopa nini, kwa nini meno yake makubwa hivyo. Hamjui? Muulizeni mwongozaji, yuko pale kwa kazi hiyo. Kwenye bustani ya makumbusho kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Mzazi ndiye ajuaye kama mwanawe ana umri wa kuisikia habari hiyo.

Baada ya hapo teremkeni Feri. Kuna wataalamu watakaowashauri mkale kwanza mahali penye kiyoyozi. Mimi nasema Feri. Soko la samaki lina harufu, lina matope, lina lugha ambayo haifai kunukuliwa kwenye ukurasa huu, na hakuna mahali pengine ambapo mtoto wa bara ataona kolekole, taa na pweza wakinadiwa kwa kasi ile. Mtoto wa Mwanza atabisha kwamba sangara na sato ni watamu kuliko hao wote. Mwacheni abishe. Mpeni kipande cha changu wa kukaanga na ndimu, kisha msikilize kama bado anabisha.

Halafu pantoni. Nauli yake haifiki bei ya soda, na ndani yake mna wachuuzi, baiskeli, malori, wanafunzi na maharusi. Upepo unavuma, meli kubwa zinaonekana zikiingia au kutoka kwenye lango la bandari, na nyuma yenu mji wote umejipanga: paa jekundu la Kanisa la Azania Front, minara ya Mtakatifu Yosefu, majengo marefu ya vioo. Zama za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kujenga hapa miaka ya 1860, hapakuwa na hayo yote. Boma lake la mawe ya matumbawe, karibu na bandari, lingali limesimama. Kwenye pantoni shikeni watoto mikono wakati wa kupanda na kushuka, kwa sababu umati wa pale haumsubiri mtu. Waandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Wakubwa watanung'unika, waandikeni tu.

Wenye siku ya pili, Kijiji cha Makumbusho kando ya barabara ya Bagamoyo kinafaa, hasa kwa watoto wa mjini. Tangu miaka ya 1960 kinaonyesha nyumba za makabila mbalimbali, na ndani ya msonge wa Kihaya au tembe la Kigogo mgeni kutoka Dodoma anageuka mwenyeji. Yeye ndiye atakayewaeleza binamu zake wa Sinza kwa nini paa la tembe ni la udongo. Ziko nyumba ambazo mgeni wa kijijini huitwa "mshamba" tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na wakubwa wanacheka. Mpelekeni Kijijini, muone nani mshamba.

Reli nayo isisahaulike. Wajerumani waliianza Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905, na ikafika Kigoma mwaka 1914. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Kama babu yenu alifanya kazi ya reli au bandari, na wazee wa namna hiyo wako wengi Kurasini na Keko, mchukueni awe kiongozi wa msafara. Anajua mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kibao chochote. Mlipieni nauli, mnunulieni dafu, na msimkatize.

Ufukweni nendeni, Coco Beach haikwepeki, mihogo ya kukaanga na kachumbari ni haki ya kila mgeni. Ila watoto wa bara hawaijui bahari. Wamezoea mto au bwawa, hawajui kwamba maji yaliyokuwa mbali saa tano yanaweza kuwa kifuani saa nane. Mtu mzima mmoja asishike simu, kazi yake iwe kuwatazama tu. Na chupa mlizokuja nazo zirudi nanyi. Nchi hii iliachana na mifuko ya plastiki Juni 2019 na tukaweza. Chupa haiwezi kutushinda.

Nimebakiza la dada wa kazi. Katika nyumba nyingi yeye ndiye mtoto wa kwanza aliyeletwa Dar kutoka mkoani, akaahidiwa kuuona mji, na miaka mitatu baadaye anajua sokoni, dukani na njia ya kwenda shule ya watoto. Familia ikitoka, yeye hubaki kulinda nyumba. Mwaka huu aende. Asiende kama mbeba mfuko na mshika mtoto mdogo. Aende kama mtu aliyelipiwa kiingilio, apige picha kwa Askari, avuke pantoni akiwa amekaa. Mtoto mdogo abebwe na baba siku hiyo, ana mgongo.

Nanyi mnaosimamia makumbusho, bustani na fukwe, Desemba mtapata wageni ambao hawatalipa kwa dola. Wapokeeni kama wa dola. Maelezo ya Kiswahili yawe makubwa na yasomeke na mtoto, vyoo viwe wazi, na waongozaji wawepo hata siku zinazofuata Krismasi, kwa kuwa ndizo siku mfanyakazi wa kawaida anazopata nafasi.

Chagueni tarehe leo, muiandike ukutani ambapo watoto wataiona na kuwadai. Na mkishapanga, gongeni kwa jirani. Huenda naye ana mtoto wa dada yake kutoka Kibondo aliyekaa ndani tangu shule zifungwe, na nafasi ya kuongeza mmoja kwenye msafara haikosekani.