Barua za zamani zitafutie chumba chao

Zamani katika nyumba nyingi za Jericho, Makadara na Kaloleni palikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mzee aliweka barua za kutoka mashambani, risiti za karo na stakabadhi za kodi ya nyumba. Barua mpya ilisomwa mezani, kisha ikaingia sandukuni, nayo meza ikabaki wazi.

Mbona basi barua pepe twaziacha mezani miaka nenda miaka rudi? Kijana wa Umoja au Kayole huomba kazi, akakaa akisubiri jibu. Kumbe jibu lilikuja, likarudishwa lilikotoka kwa sababu kisanduku chake kimejaa. Mwajiri ana waombaji wengine tele, na si ajabu asiandike mara ya pili.

Gmail ilipoanza mwaka wa 2004 ilitoa gigabaiti 1. Tangu 2013, akaunti ya bure ina gigabaiti 15, lakini nafasi hiyo ni ya barua, faili za Drive na picha za Google Photos kwa pamoja. Video za harusi ya binamu yako zikihifadhiwa humo, zaweza kuifungia mlango barua ya kazi.

Wengi hubonyeza kile kitufe cha kuweka barua kwenye kumbukumbu wakidhani wameihamisha. Wapi! Imeondoka machoni tu, nafasi inakula ile ile. Ni sawa na kusukuma kochi kuukuu kutoka sebuleni hadi chumba cha kulala.

Kuhama kwenyewe ni hivi. Huduma ya Google Takeout hukupa nakala ya barua zako zote. Iweke kwenye kompyuta, uifungue uone kama inasomeka, na uinakili pia kwenye flashi, maana flashi za mtaani twazijua, leo ipo kesho imeingia virusi. Hapo ndipo ufute zile za zamani kwenye Gmail, kisha umwage na pipa la taka, la sivyo zitakaa humo siku 30 zikila nafasi. Ukifanyia kazi hii kwenye saiba, usiondoke bila kufunga akaunti.

Shule au chama cha akiba chenye seva yake kina njia nyingine. Fundi huacha barua mpya kwenye diski ya kasi, na za zamani akazipeleka kwenye diski kubwa ya bei nafuu. Programu ya Dovecot huweza kufanya hivyo huku karani akiziona zote katika folda zile zile. Lakini muulize fundi wako: je, hiyo diski ya pili nayo ina nakala kwingine? Isipokuwa nayo, siku ikiharibika barua za wanachama zimekwenda nayo.

Wenye biashara wasifute ovyo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 yataka rekodi za kodi zitunzwe miaka 5, na ankara nyingi siku hizi hufika kwa barua pepe.

Kama huna muda, leo andika larger:10M pale pa kutafutia barua kwenye Gmail. Zitatokea zile nzito pekee, zinazozidi megabaiti 10. Anza na hizo.