Ilani ya Watu wa Ziwa

Sisi ni wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Dunga, waokota taka wa Kisumu, wakulima wa miwa wa Muhoroni, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Macalder, mafundi wa jua kali, walimu, na vijana wanaoishi kwa vibarua. Leo tunaanzisha vuguvugu la raia wa Kenya, Uganda na Tanzania kuhusu taka na udongo uliochafuliwa kandokando ya Ziwa Victoria. Serikali zetu zilikwisha kuungana zamani, angalau kwa maandishi. Wananchi ndio bado.

Tunaanza na uchafu wetu wenyewe. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Hata hivyo Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja zote humwaga maji humu baada ya kupita kwenye mashamba, viwanda na miji yetu. Mwenye fungu dogo namna hii hana ubavu wa kumnyooshea jirani kidole kabla hajafagia kwake.

Na kwetu kuna Kachok. Jaa lile lilifunguliwa miaka ya 1970, karibu na Uwanja wa Moi, Kisumu ikiwa bado mji mdogo. Mji ukakua ukalizunguka. Kwa zaidi ya miaka 40 lilimeza kila kitu bila kuchambuliwa: maganda ya ndizi, betri, redio mbovu, mikebe ya rangi na ya dawa. Mvua ikinyesha, maji meusi yanayochujika humo hufuata mteremko hadi mto Auji, yakapita mtaa wa Nyalenda, yakaishia ziwani. Serikali ya Gavana Anyang' Nyong'o ilianza kulihamisha, na mlima ule umepungua, hilo hatulikatai. Swali letu ni la chini ya mlima. Lori hubeba kinachoonekana. Risasi au kadimiamu ikishashuka udongoni haipandi lori. Tunataka udongo wa Kachok upimwe kwa kina na matokeo yabandikwe hadharani kabla mtu hajagawiwa ploti pale au kupanda sukuma.

Anayedhani tunatia chumvi aende Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi katikati ya makazi ya watu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi walipigana mahakamani miaka mingi. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaiondoa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Haki ilipatikana, lakini risasi iliyokwisha kuingia mwilini mwa mtoto haifutwi na hukumu.

Sasa tuvuke mpaka. Mto Mara huzaliwa Mau, Kenya, na kuingia ziwani karibu na Musoma, Tanzania. Anachotupa mtu wa Bomet, wa Musoma anaweza kukinywa. Kule Macalder, Migori, na ng'ambo kule Tarime, Tanzania, wachimbaji huchanganya mchanga na zebaki ili inase dhahabu, kisha huichoma juu ya moto, moshi ukiwaingia puani. Nchi zote tatu zimeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, lakini ukiibana Migori pekee, biashara itahamia ng'ambo na kurudi usiku. Tumeliona hilo kwa mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, ilhali kaveera, yaani mifuko hiyo hiyo, za Uganda zinaendelea kupenya mpakani Busia.

Chombo cha kuyashughulikia haya kipo, tena hapa hapa mjini. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake makuu Kisumu. Itifaki ya 2003 inayoiongoza inasema mchafuzi alipe, jirani aarifiwe mapema, na wananchi washirikishwe. Wangapi kati yetu tumewahi kuingia katika ofisi hizo? Tunakusudia kuingia, kwa adabu, na kuendelea kuingia.

Wakitufungia mlango, kuna Arusha. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinamruhusu mkazi yeyote kuishtaki nchi mwanachama katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko huko. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifanya hivyo mwaka 2010 kupinga barabara ya lami iliyopangwa kukata Serengeti ya kaskazini, na mwaka 2014 likashinda. Ikiwa nyumbu walipata wakili wa kuvuka mpaka, omena pia watampata. Tatizo ni muda: mlalamikaji ana miezi 2 tu tangu kitendo kifanyike au akijue. Ndani ya miezi 2 huwezi kuanza kutafuta chupa za sampuli.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni ya kuchosha na haina picha nzuri. Kila ufuo utakaojiunga utachukua maji na udongo siku moja na wenzake, kwa njia moja, na kuandika daftari la aina moja, Kenya, Uganda na Tanzania. Kinachopatikana kitasomwa barazani kwa Kiswahili na kwa lugha za ufuo kabla ya kupelekwa kwa mtaalamu au gavana yeyote. Kufagia ufuo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tukiwa tumevaa fulana mpya tutawaachia wanaopenda.

Waokota taka hawatakuwa wageni waalikwa humu. Wao ndio wanaojua nini huingia jaani, saa ngapi na kwa lori gani; watakaa kwenye kamati na watalipwa siku yao ya kazi. Hatutapokea fedha za kiwanda kinachomwaga maji machafu ziwani, wala za mwanasiasa anayewania kura.

Jina la vuguvugu tumeliacha wazi. Halitachaguliwa Kisumu mpaka watu wa Musoma na Jinja wawe wameketi nasi.