Chanjo ya binti, kipimo cha mama

Mama anayeanika usipa Ngumbo akisikia binti yake atachomwa sindano ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, swali huwa lile lile: haitamzuia kuzaa? Asubuhi ya chanjo kichwa cha binti "kinauma" ghafla, anabaki nyumbani.

Haimzuii. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, maana tiba yake mara nyingi ni kuondoa kizazi au mionzi, na Ocean Road iko Dar es Salaam, mbali mno na ziwa.

Chanjo hii ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Manufaa hapa bado hayahesabiki, kwa kuwa virusi vya HPV huchukua miaka mingi kuleta saratani. Uingereza, walioanza 2008, wameshahesabu: kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, ugonjwa umepungua kwa asilimia 87.

Mama mwenyewe chanjo imempita. Chake ni kipimo cha siki kliniki, dakika chache tu. Dalili za awali zikionekana, hutibiwa kabla hazijawa saratani.