Leseni Tuliiuza Sisi Wenyewe

Wasee, leo nitawaudhi. Kila nikifungua simu naona Mkenya analia ati amefika majuu na leseni yake ya Kenya haisaidii, na chini yake watu wamejaa: ubaguzi, ukoloni, mzungu anatudharau. Hata mimi nilikuwa naimba huo wimbo. Siku hizi nimeshindwa kuuimba, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza, malalamiko yana ukweli ndani yake. Mtalii anashuka JKIA asubuhi, anakodisha gari kwa leseni ya kwao, jioni yuko Meru anapiga picha za mlima. Hakuna anayemuuliza alifanyia mtihani wapi. Sasa geuza. Ukihamia Uingereza na leseni ya Kenya, unaendesha gari dogo miezi 12, halafu unaanza upya kama mwanafunzi, mtihani wa maswali na wa barabarani. Ukihamia Ujerumani unapewa miezi 6. Dubai, Mwingereza mwenye kibali cha kuishi anabadilishiwa leseni bila mtihani wa barabarani. Wewe unapelekwa shule ya udereva na unalipa maelfu ya dirhamu. Inauma, sikatai.

Lakini soma orodha ya nchi ambazo Uingereza inabadilisha leseni zake bila mtihani. Afrika Kusini iko. Zimbabwe iko. Zimbabwe, ndugu zangu! Kwenye orodha ya Ujerumani kuna Namibia na Afrika Kusini. Sisemi mitihani ya Harare ni mitakatifu, na najua orodha kama hizi zina siasa na historia yake. Nasema tu kwamba "ni kwa sababu sisi ni Waafrika" haitoshi kama jibu. Ili Uingereza ikuweke kwenye orodha, lazima iridhike na jinsi nchi yako inavyotoa leseni. Sasa niambie wewe mwenyewe: wewe umeridhika?

Mimi sijaridhika, kwa sababu ninayo moja mfukoni. Nilipoacha chuo, mama alisema basi angalau nipate leseni, nisikae tu na simu. Nikajiandikisha shule ya udereva. Siku moja kabla ya mtihani mwalimu akapita akikusanya "ya chai", 2,000 kila kichwa. Nikatoa. Kesho yake nikasukuma kile kigari cha kuchezea kwenye ubao uliochorwa barabara, nikaulizwa alama mbili, nikaingia kwenye gari, nikaendesha kama mita mia, nikaambiwa shuka, anayefuata. Sikuegesha. Sikurudi nyuma. Sikupanda mlima, na hapa ni Githongo, kutoka tu kwa geti ni mlima! Nikapita. Nikalipa 3,050 ya kadi ya miaka 3. Kadi inang'aa, ina chipu na picha yangu nikitabasamu. Ila ukinipa gari leo nikupeleke Nkubu, tafadhali andika wosia kwanza.

Sasa njoo kwa kaka yangu mkubwa. Huyo ni dereva kweli. Miaka tisa aliendesha matatu ya Meru kwenda Nairobi. Mtu wa huku anajua vile abiria hunyamaza gari likianza kuteremka Daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Kaka alipita hapo kila siku na hakuwahi kumwaga mtu. Akapata wakala wa kazi za Dubai, kazi ya udereva. Bonasi yote ya chai ya mama ikaenda kwa wakala. Alipofika akaambiwa leseni yako weka kando, ingia darasani, ada itakatwa kwa mshahara. Mtihani wa kwanza akaanguka kwa sababu hageuzi shingo kuangalia ubavuni kabla ya kubadilisha njia. Mpaka anaandaa mtihani wa pili, anabeba katoni kwenye ghala.

Nilimpigia simu nikiwa na hasira, nikamwambia wanakuonea, wewe unaendesha kuliko hao wote. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kijana, hata mimi nililipa."

Hiyo ndiyo siku niliacha kuimba. Kaka anajua kuendesha, lakini kadi yake na yangu zinafanana kabisa. Afisa wa ng'ambo akizipanga mezani atajuaje yupi ni dereva na yupi alitoa 2,000? Hawezi. Kwa hivyo anatukataa wote wawili, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Na usiniambie dawa ni leseni ya kimataifa. Kile kijitabu ukikipata kihalali kinatoka AA ya Kenya, na kazi yake ni kutafsiri leseni uliyonayo. Ukiwa mgeni wa wiki mbili unayetaka kukodisha gari, kinasaidia, mradi ubebe na leseni yako halisi. Hakikugeuzi kuwa dereva wa Ujerumani. Wale wanaokuuzia "leseni ya kimataifa ya miaka 10" mtandaoni wanakuuzia karatasi.

Najua mtasema ni kitu kidogo tu, kila mtu anatoa. Lakini Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa kazi mjini Berlin, na madereva watano wa basi kutoka Kenya walikuwa wameshapokelewa Flensburg kwa majaribio. Kazi ziko. Serikali inayopenda kupigwa picha za mikataba iweke suala la leseni mezani hapo hapo. Na kabla ya kwenda kuomba, itupe kile kigari cha kuchezea, mtihani ufanyiwe barabarani, kamera iwe ndani ya gari, na mtahini asijue atamtahini nani mpaka asubuhi ile. Nyumbani barabara zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Hata kama Uingereza haitatuweka kwenye orodha yake milele, hiyo peke yake inatosha.

Mimi nimerudi darasani, shule nyingine. Nimemwambia mwalimu mapema kwamba sina ya chai, na kwamba anifunze kupanda mlima wa Githongo kwa gia bila gari kurudi nyuma. Amenicheka, lakini ananifunza. Kaka ana mtihani mwezi ujao. Akipita, mshahara wake wa kwanza wa udereva unarudisha bonasi ya mama.

Sasa niandikieni hapo chini, bila kujificha: leseni yako, ulitoa ngapi?