Unamnunulia mathe kapsuli za kushusha kolestro? Skia kwanza hii stori ya Japani

Siku hizi ukifungua TikTok lazima upatane na msee anauza kapsuli za miti shamba za "kuosha mafuta kwa damu". Lugha ni ile ile: ni ya asili, haina kemikali, haina madhara. Na wateja ni wazazi wetu, lakini anayetuma doo kwa M-Pesa mara nyingi ni sisi.

Sasa, Machi 2024 kampuni kubwa ya Japani, Kobayashi Pharmaceutical, ilitangaza vidonge vyake vya kushusha kolestro virudishwe. Vilitengenezwa na beni-koji, yaani mchele unaochachushwa na kuvu hadi unakuwa mwekundu. Kitu ya kienyeji kabisa, Wajapani wamekitumia kwa chakula miaka mingi. Lakini watu walikuwa wanaumia figo. Mamia walilazwa, na vifo kadhaa vikaanza kuchunguzwa.

Uchunguzi ulionyesha kuvu ingine iliingia kwa kiwanda na kuacha sumu inaitwa asidi ya puberuliki. Mbaya zaidi, madaktari walikuwa wameanza kuripoti kesi Januari. Wananchi waliambiwa miezi miwili baadaye, na bado watu walikuwa wanameza. Julai, mwenyekiti na rais wa kampuni wakajiuzulu.

Utasema hiyo ni shida ya kiwanda. Poa, lakini hata bila hiyo sumu kuna ingine watu hawaambiwi. Huo mchele mwekundu una monakolini K, na kikemia hiyo ni kitu moja na lovastatini, dawa ya hospitali ya kolestro. Yaani ile "asili" ni dawa tu, imevaa nguo ingine. Kwa hivyo madhara ni yale yale: misuli kuuma, ini kusumbuka, na mara chache misuli inavunjika hadi figo zinaumia. Tofauti ni kwamba ya hospitali unajua ni miligramu ngapi. Ya chupa unabahatisha. Ndio maana mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya uliweka sheria monakolini zisifike miligramu 3 kwa siku.

Hapo ndipo mambo inakuwa moto kwa mzazi anayemeza tayari atorvastatini ya kliniki. Akiongeza hizo, ni kama amemeza dozi mara mbili bila kujua. Kapsuli za kitunguu saumu nazo zikikutana na warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mtu anaweza kuvuja damu ovyo.

Si ati miti shamba ni uongo. Artemisinini ya malaria ilitoka kwa mmea. Lakini mmea ukiwa na nguvu ya kutibu, una nguvu ya kuumiza pia.

Kitu ingine, kolestro haiumi. Mtu akikwambia "tangu nianze hizi naskia poa," hiyo haimaanishi kitu, juu hata ikiwa juu angeskia poa tu. Ni kipimo cha damu kitasema. Na wengine wakiskia poa wanaacha dawa za hospitali kabisa, alafu wanashtukia wamepigwa na stroku.

Kwa hivyo fanya hivi. Piga picha ya kila chupa mzazi anatumia, nyuma na mbele, aende nayo kliniki. Uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, PPB. Akianza kuumwa na misuli bila sababu, mkojo ukiwa rangi ya chai, macho yakiwa ya njano ama miguu ikifura, aache hizo kapsuli na aone daktari siku hiyo hiyo. Alafu mripoti kwa PPB. Japani walijua juu madaktari waliripoti. Huku, tukinyamaza, nani atajua?

Kwenu nani anatumia hizi kapsuli? Muulize leo.